Jina la Ukili wa Mwisho

Hapo zamani, na wala sisemi zamani ya majini na wafalme, nasema zamani ya juzi, ya simu na kadi za kliniki, palikuwa na mwanamke msukaji katika mji wa Miyaani. Jina lake Mwantumu, umri wake miaka arobaini na saba. Nakupeni kisa chake, lakini kwanza tuwekeane sharti. Mwisho mimi nitauliza na nyinyi mtajibu. Atakayekaa kimya kama hakuwepo, kesho asije kula haluwa yangu.

Miyaani wanawake husuka. Ukindu huchanwa, hukaushwa, huchemshwa kwenye rangi, kisha chane zake husukwa utepe mrefu uitwao ukili. Ukili ukishatimia, hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka. Haya mnayajua, lakini naona kuna wageni pale nyuma, na mgeni naye ana masikio.

Sasa, mji ule una ada yake. Kila msukaji, mara moja tu maishani, hushona mkeka usiouzwa. Huitwa mkeka wa jina. Mwanamke humshonea mtu aliyemfanyia jambo kubwa asiloweza kulilipa, na katika ukili wa mwisho husuka jina la mtu huyo, herufi kwa herufi. Jina ni moja. Mkeka haukatwi, maana ukiukata unafumuka. Haugawanywi, haurudiwi, na ukishatoka umetoka. Siku ya pili ya Idi ndogo mikeka ya jina hutandazwa barazani, watu wote waione.

Na jambo moja zaidi: msukaji hasuki jina lake mwenyewe. Mkeka wenye jina la msukaji husukwa na wenzake siku akifa, nao hutandikwa juu ya jeneza. Hilo likumbukeni, tutalirudia.

Turudi kwa Mwantumu. Tangu usichana hedhi yake ilikuwa na mambo yake. Mara ije, mara ipotee miezi mitatu, irudi bila hodi. Ndevu mbili tatu kidevuni, uzito usioshuka hata afunge Ramadhani na sita za Shawwal. Alipopimwa aliambiwa ovari zake zina vijifuko vidogovidogo na homoni zake zimevurugika. Madaktari huiita PCOS. Akaolewa na Mbarouk, mtu mpole, akakaa miaka tisa bila mtoto. Miaka tisa! Na mama mkwe wake, Bi Kazija, akiwa na ulimi ambao ungeweza kuchana ukindu.

"Mwanangu kaoa mtende dume usiozaa," alikuwa akisema, tena barazani, tena Mwantumu akisikia.

Mwaka wa kumi akazaliwa Saada, mtoto pekee. Bi Kazija akambeba mjukuu, ulimi akauweka ndani. Lakini kuomba radhi hakuomba.

Miaka ikapita. Mwantumu akaizoea hali yake, akaijua tabia yake. Kisha, alipofika arobaini na saba, likaja jambo jipya.

Adhuhuri moja amekaa barazani anasuka, upepo upo, kivuli kipo, joto likamshika kifuani. Likampanda shingoni, likafika masikioni. Jasho likamdondoka juu ya chane. Wenzake wakamtazama. Dakika chache likaondoka, akabaki anatetemeka kwa baridi. Kesho yake likarudi mara nne. Moyo ukawa unamwenda mbio amekaa tu. Usingizi ukakatika. Na damu, jamani, damu! Siku kumi na moja mfululizo, ikapumzika tano, ikarudi kumi na nne. Akisimama, macho yanaingia kiza. Akihesabu chane, hesabu inampotea katikati, yeye ambaye alikuwa akisuka huku anasimulia na kucheka.

Mwantumu akaogopa. Mama yake mdogo alikufa kwa saratani ya mfuko wa uzazi, naye alianza hivyohivyo, kwa damu iliyosemwa si kitu. Basi akavaa buibui lake, akaenda kituo cha afya.

Daktari wa pale alikuwa Dokta Sudi. Miaka ishirini na nane yuko Miyaani. Nusu ya mji kaizalisha yeye, na watu wanampenda. Nasema hivi mapema ili msije mkamfanya shetani. Hakuwa shetani. Alikuwa mtu anayejua, na mtu anayejua mara nyingine haoni haja ya kuuliza. Pembeni mwa chumba, kwenye kimeza cha kupimia presha, alikaa Nesi Chausiku, msichana wa Tabora, aliyekuwa na miezi sita tu pale.

Mwantumu akasema: "Dokta, mwili wangu umebadilika."

"Umebadilika vipi, Bi Mwantumu?"

"Damu inakuja siku kumi na moja, na joto linanipanda..."

"Kwani hedhi yako imewahi kuwa sawa?"

"Haijawahi, Dokta, lakini..."

"Basi." Akafungua kadi, akaandika maneno matatu: *Hali ile ile.* "Punguza wanga, punguza uzito, punguza mawazo. Mwingine!"

Mwantumu akarudi nyumbani. Akapunguza wanga. Akapunguza chai ya sukari. Mawazo ndiyo yaliyoongezeka. Baada ya miezi miwili akarudi kituoni.

"Dokta, ile ya zamani naijua. Nimekaa nayo miaka thelathini. Hii ni nyengine."

Dokta Sudi akacheka, kicheko cha mtu anayekupenda. "Bi Mwantumu, kati yetu hapa, nani kasomea udaktari?"

"Wewe, Dokta."

"Haya. Ukiwa na hali yako, hedhi kuvurugika ndiyo kawaida. Na joto, nani hasikii joto Miyaani?" Akaandika: *Hali ile ile.*

Nesi Chausiku alikuwepo. Alisikia. Alitaka kusema neno, akatazama chini, akakunja mpira wa kipimo cha presha.

Mwantumu akatoka mle chumbani na hasira ambayo hakuwa na pa kuiweka. Mtu anaweza kuvumilia kuambiwa hana ugonjwa. Kuambiwa hujui hata mwili unaoamka nao ndiko kulikomuuma. Akaapa harudi tena.

Sasa sikilizeni anayekuja. Bi Kazija, yule wa mtende dume. Wakati huo macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, haoni ila mwanga. Lakini vidole! Vidole vya Bi Kazija vilikuwa macho. Kila ukili wa nyumba ile ulipita mikononi mwake kabla haujashonwa. Siku hiyo akauvuta ukili wa mkwewe, akaupapasa, vidole vikasita. Akarudi nyuma, akapapasa tena.

"Huu kausuka nani?"

"Mimi, mama."

"Si wewe. Mkono wako naujua tangu ulipoingia nyumba hii. Hapa umekaza mpaka chane zimepasuka. Hapa umelegea. Hapa umeruka chane mbili. Mwantumu, mkono huu unaumwa. Una nini?"

Mwantumu akaangua kilio. Alilia kwa sababu alikuwa ameulizwa. Basi akasema, akasema yote, damu na joto na kiza cha macho na khofu ya mama yake mdogo. Alianza mara baada ya sala ya adhuhuri, akamaliza muadhini anaadhini alasiri. Bi Kazija hakumkatiza hata mara moja. Yeye! Aliyekuwa hamwachi mtu amalize salamu!

Kisha Bi Kazija akasema: "Mdomo wako kauzoea yule. Usimwambie tena kwa mdomo. Msukie."

"Nimsukie nini?"

"Siku zako. Kila siku shibiri moja. Siku ya damu, weka nyekundu. Siku ya joto, weka nyeusi. Vikija vyote, changanya. Siku njema, acha nyeupe. Usipambe, usipange. Kama ilivyokuja, ndivyo uisuke. Halafu kamwekee mezani tuone ataandika nini."

Mwantumu akasuka. Shibiri leo, shibiri kesho. Nyekundu, nyekundu, nyekundu na nyeusi, nyeusi, nyeupe moja, nyekundu. Miezi saba. Siku alizoshindwa kukaa alisuka amelala ubavu. Hakuruka hata siku moja. Ukili ukawa mrefu, ukakunjwa ukawa mzingo mkubwa kama gurudumu la baiskeli, na mkeka mzima ulikuwa ndani yake.

Akaubeba, akaenda kituoni mara ya tatu. Akauweka juu ya meza ya daktari.

Hapo ndipo likatokea kosa ambalo lisingetokea ila Miyaani. Maana Miyaani, mgonjwa akipona humletea daktari zawadi. Kawa ya kufunikia chakula, mkoba, ukili wa kushonea. Dokta Sudi akauona mzingo ule, uso ukamng'ara.

"Lahaula! Bi Mwantumu! Kazi yote hii kwa ajili yangu? Unaona sasa, umepata nafuu! Mke wangu atafurahi. Ahsante sana, ahsante."

Akainuka, akauchukua, akauweka juu ya kabati. Akafungua kadi. *Hali ile ile. Ana nafuu.*

Na Mwantumu? Mnauliza kwa nini hakusema. Mtasema nyinyi, mmekaa hapa mmeshiba. Mwanamke aliyelelewa Miyaani hawezi kumwambia mtu, tena mkubwa, tena anayemshukuru mbele ya nesi, kwamba lile ulilopokea si zawadi, nirudishie. Alisema "karibu," akatoka, na miezi saba ya maisha yake ikabaki juu ya kabati.

Ukili ukaenda kwa mke wa daktari. Mke wa daktari msukaji hodari, akaukunjua, akasonya. "Huu kausuka nani? Hauna mpango! Nyekundu kumi na moja, nyeupe moja, nyekundu tena, nyeusi zimetupwatupwa. Nikishona huu watu watanicheka." Akaurudisha kituoni. Wakautupa chumba cha kufungia vidonda, nyuma ya mlango.

Hapo akaingia Chausiku. Kwao Tabora hawasuki mikeka ya namna ile. Mke wa daktari, kwa kuwa msukaji, aliona ukili ulioharibika. Chausiku, kwa kuwa hajui kusuka, hakujua kwamba umeharibika. Aliona rangi tu. Adhuhuri moja, wagonjwa wamepungua, akaukunjua sakafuni kutoka ukutani hadi ukutani, akaanza kuhesabu kwa mashibiri. Nyekundu kumi na moja. Akasita. Wapi niliisikia kumi na moja? Nyekundu kumi na nne. Na nyeusi hizi, na nyeusi hizi...

"Mungu wangu," akasema peke yake. "Huyu mama alikuwa anaongea."

Akaukunja ukili, akauchukua bila ruhusa ya mtu, akaenda moja kwa moja kwa Mwantumu. Akamkuta amejilaza, midomo imepauka.

"Shikamoo, mama. Nyekundu ni damu?"

"Marahaba. Ni damu."

"Nyeusi ni joto?"

"Ni joto."

"Nisamehe, mama. Mara ya kwanza nilikuwepo. Mara ya pili nilikuwepo. Hata hiyo ya tatu nilikuwepo."

Pale pale akaandika barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Barua ya rufaa huandikwa na daktari, yeye alijua. Akatia saini yake mwenyewe.

Mbarouk akamchukua mkewe asubuhi, na ukili kwapani. Daktari wa wanawake kule hospitali akaukunjua juu ya kitanda cha kupimia, akauliza siku moja moja kwa kidole, akaandika kurasa tatu. Akampima damu, akampiga picha ya tumbo, akachukua kipande kidogo cha ngozi ya ndani ya mfuko wa uzazi. Majibu yalipotoka akamkalisha.

"Bi Mwantumu, ulisema kweli. Unaelekea kukoma hedhi, ndiyo maana ya joto na moyo na usingizi. Hali yako ya zamani ipo palepale, lakini haizuii hii mpya kuja. Zimekutana. Na kwa sababu zimekutana, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi umekuwa mnene, na chembe zake zimeanza kupotoka. Bado si saratani. Ungeendelea kuambiwa ni hali ile ile, sijui ningekwambia nini mwakani. Sasa tunatibu."

Wakatibu. Alipewa dawa, akaongezewa damu, akarudi kupimwa, akarudi tena. Mwaka ukazunguka. Damu ikatulia, chembe zikarudi sawa, rangi ikamrudi. Joto humjia bado, lakini sasa akilisikia huvua mtandio, hujipepea na kawa, huku anaendelea na mazungumzo.

Huku nyuma, barua ya hospitali ikafika mezani kwa Dokta Sudi. Akaisoma mara mbili. Akatoa kadi ya Mwantumu, akasoma alichoandika: hali ile ile, hali ile ile, hali ile ile. Siku ile hakula. Kesho yake akatoka hadi kwenye mabenchi wanakosubiri wagonjwa, akasimama mbele ya watu arobaini, akasema: "Mimi nilimrudisha Bi Mwantumu mara tatu. Yeye alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimekosea. Nyinyi mlio na umri wake, niliowaambia ni joto la Miyaani, rudini." Na kuanzia hapo kila Alhamisi ikawa ya wanawake hao. Kalamu huiweka mezani, haishiki mpaka mwanamke amemaliza kusema. Hadi leo ameshawakuta wengine wawili walioponea chupuchupu.

Lakini wakubwa wa idara walikwishauliza: nani kaandika rufaa bila madaraka? Nani kachukua kitu kituoni bila ruhusa? Chausiku akapewa barua ya onyo, akahamishiwa zahanati ya mbali, mwendo wa saa tatu kwa barabara ya mchanga. Dokta Sudi aliandika kumtetea. Barua haijajibiwa.

Haya. Mwantumu kapona, ukili wake uko tayari, ule ule wa nyekundu na nyeusi. Akasema: "Huu ndio mkeka wangu wa jina." Akaushona, ukabaki ukili wa mwisho. Ramadhani inakwisha, Idi hiyoo. Jina la nani?

Wakakusanyika barazani kwake. Sikuitwa, nilikwenda. Ningekosaje?

Bi Kazija ndiye aliyeanza, nani mwingine angeanza? "Nisukie mimi. Usinitazame hivyo, nakusikia unavyonitazama. Kabla ya daktari, kabla ya nesi, kabla hata ya mumeo anayelala ubavuni mwako, nani alikuuliza una nini? Nani alikaa akakusikiliza mpaka alasiri? Fikra ya ukili ya nani? Bila mimi pasingekuwa na mkeka wa kutafutiwa jina. Na lipo jingine. Miaka tisa nilikuita mtende dume. Nilikuwa na vidole hivi hivi na sikupapasa. Nisamehe, mwanangu. Nasema mbele ya watu. Jina langu likisukwa humo, nitajua umenisamehe, maana nina miaka themanini na mbili na sina muda wa kungoja."

Wengine tulifuta machozi, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Chausiku alikuwepo, amefika na vumbi la njiani mpaka kwenye nyusi. Hakutaka kusema. Mbarouk akamsemea, na Mbarouk akisema ujue jambo ni kubwa. "Mama alimsikia, kweli. Lakini mama ni wa nyumbani, ni wajibu wake. Huyu binti si ndugu yetu. Kusikia kwa mama hakukumgharimu kitu. Kwa binti huyu kumemtoa kazini pake. Mke wangu yuko hai kwa saini yake, na saini ile imempeleka kwenye mchanga. Hana hapa mama, hana shangazi. Mkeka huu ungekuwa kitu pekee alichopewa na Miyaani."

Bi Kazija akadakia: "Alikuwepo mara tatu akakunja mpira!"

Chausiku akasema kwa sauti ya chini: "Ni kweli, bibi. Sikatai. Nilinyamaza mara tatu."

Hapo akabisha hodi Dokta Sudi. Watu wakaguna. Akaamkia wakubwa, akakaa kwenye ukingo wa baraza, akasema: "Bi Mwantumu, nakuja kuomba ambalo sistahili. Suka jina langu." Wanawake wakapiga kelele kama kuku walioona kicheche. Akangoja wanyamaze, hilo alikwishajifunza. "Silitaki kwa sifa. Bi Kazija atakumbuka bila mkeka. Nesi Chausiku atakumbuka bila mkeka. Mimi ni mzee na mazoea ni mazoea, naweza kusahau. Nitautundika ukutani mbele ya kiti changu, siku zako zote zile nilizoziweka juu ya kabati, na jina langu chini yake. Kila atakayeingia atauona, atauliza, nami nitalazimika kumwambia. Wanawake wangapi wanapita chumba kile kwa mwaka? Mkeka ukienda kwa bibi utatandikwa chumbani. Ukienda Tabora utatandikwa Tabora. Kwangu utafanya kazi."

Maneno hayo yaliniudhi. Yaliniudhi kwa sababu yalikuwa na ukweli.

Tukadhani yamekwisha. Akainuka Saada, binti wa miaka kumi na tisa, ambaye kidevu chake na miezi yake imefuata ya mama yake, na kila mtu anajua. "Mama, suka jina lako."

"Audhubillahi!" Bi Kazija akashika kichwa. "Hilo ni la jeneza!"

"Najua, bibi. Lakini nani aliyemsikia mama kwanza? Si wewe. Yeye. Aliambiwa na mtu mwenye elimu kwamba haijui damu yake, akasema naijua. Nyinyi wote mlimsikia kwa sababu yeye hakuacha kujisikia, siku mia mbili na kumi, amelala ubavu anasuka. Na mimi nitafika arobaini na saba. Nitakuwa na hali ile ile, na juu yake nitapata hiyo mpya. Siku hiyo nataka nikalie mkeka wenye jina la mwanamke aliyejiamini. Kama ada inasema jina la mwanamke lisukwe akifa tu, basi ada hiyo nayo haijawahi kutusikiliza."

Wanawake wawili wakainuka kuondoka. Mmoja akarudi, akakaa.

Mwantumu alikuwa ameketi muda wote huo, chane mapajani. Alimwachia kila mtu amalize, hakumkatiza hata mmoja. Joto likamjia katikati ya maneno ya Saada, tukaliona likipanda shingoni. Akavua mtandio, akajipepea, likapita. Kisha akachukua chane za rangi ya zambarau, rangi ambayo haimo popote katika siku zake zile, akazilowesha maji, akaanza ukili wa mwisho. Kesho yake ilikuwa Idi. Siku ya pili ya Idi mkeka ukatandazwa, na jina likasomwa.

Mimi najua alisuka la nani, nami sisemi. Tangu siku ile baraza letu limegawanyika, na kuna mashoga wawili wa miaka thelathini hawajasalimiana mpaka leo, mmoja anamtetea Chausiku na mmoja anashika neno la Saada.

Bi Kazija, aliyeuliza kwanza na aliyechelewa miaka tisa? Chausiku, aliyenyamaza mara tatu na kulipa kwa kazi yake? Dokta Sudi, aliyeziba masikio kwa mmoja akayafungua kwa wote? Au Mwantumu mwenyewe, na ada ivunjike?

Haya, sharti letu. Je, nani alistahili jina lake lisukwe? Semeni mmoja mmoja, na kila mtu amalize. Zamu yangu ya kusikiliza imefika.